Dripu ya sukari 5%, dripu ya chumvi 0.9%: historia ya fomula iliyoanzia kwenye chungu

Siku ukienda kumjulia hali mgonjwa hospitalini na ukamkuta ametundikiwa dripu, hebu soma maandishi kwenye ule mfuko. Mara nyingi utakuta mojawapo ya hizi mbili: glukosi 5%, au chumvi 0.9%. Zote zinaingia kwenye mshipa uleule, zinachanganyika na damu ileile, na zote ni salama kwa chembe za damu. Lakini angalia namba. Sukari ni gramu 50 kwa lita moja. Chumvi ni gramu 9 tu. Tofauti yake ni zaidi ya mara tano.

Kwa nini? Na ni nani aliyekaa akapiga hesabu hiyo?

Sisi tuliosoma kemia hadi kidato cha sita tulipewa jibu kwa mstari mmoja: Π = iMRT. Tukaikariri, tukaingiza namba, tukapata maksi, tukasahau. Binafsi sikuwahi kujiuliza ile herufi *i* imetoka wapi. Mwalimu alisema kwa sukari weka 1, kwa chumvi ya mezani weka 2, basi. Kumbe nyuma ya kale ka-*i* kuna ubishi wa miaka, na bila yeye hesabu ya dripu ingetoka karibu mara mbili ya inayotakiwa. Twende taratibu tangu mwanzo.

Kibofu cha nguruwe

Jambo lenyewe unalijua kutoka jikoni. Ukikata vitunguu vya kachumbari ukavinyunyizia chumvi, baada ya dakika chache maji yamejaa bakulini na vitunguu vimelegea. Ukichukua mchicha ulionyauka ukauloweka kwenye maji safi, unasimama tena. Maji yanahama kutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vingi, yakipita kwenye utando unaoruhusu maji lakini unazuia vile vilivyoyeyuka. Hiyo ndiyo osmosisi.

Maelezo ya kwanza yanayojulikana sana ni ya mwaka 1748. Padri Mfaransa aliyekuwa pia mwanafizikia, Jean-Antoine Nollet, alijaza chombo kwa spiriti, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Baada ya saa kadhaa alikuta kibofu kimevimba kwa nje. Alipokitoboa kwa sindano, kimiminika kiliruka juu. Akageuza jaribio, maji ndani na spiriti nje, na safari hii kibofu kikabonyea kuelekea ndani. Nollet akaelewa kwamba kibofu kinapitisha maji kirahisi kuliko spiriti. Akaandika, akaendelea na mambo yake.

Mfaransa mwingine, Henri Dutrochet, ndiye aliyelichukulia jambo hili kwa uzito katika miaka ya 1820. Alitengeneza kifaa cha kulipima na akalipa majina mawili, moja la maji kuingia na jingine la maji kutoka. Baadaye Mskoti Thomas Graham akayafupisha majina hayo kuwa neno moja, na ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Tatizo lilikuwa utando. Kibofu cha mnyama kinavuja, kwa sababu sukari nayo inapita, ila polepole. Ukipima presha leo utapata namba moja, ukirudia kesho utapata nyingine. Na kama vipimo havitulii, huwezi kupata kanuni.

Chungu cha Pfeffer

Aliyelitatua tatizo hilo ni mtaalamu wa mimea Mjerumani, Wilhelm Pfeffer. Alitaka kujua seli za mmea zinapata wapi nguvu ya kusimama wima. Mjerumani mwenzake, Moritz Traube, alikuwa ameonyesha mwaka 1867 kwamba mimumunyo fulani miwili ikikutana hutengeneza ngozi nyembamba katikati, ngozi inayopitisha maji na kuzuia sukari. Ila ngozi hiyo ilikuwa dhaifu, ukiigusa tu inapasuka.

Pfeffer akapata wazo zuri: aitengeneze ngozi hiyo ndani ya ukuta wa chungu. Alichukua chungu kidogo cha udongo uliochomwa bila kung'arishwa, chenye vitundu vidogo vidogo kama mtungi wetu wa kupozea maji. Upande mmoja akaweka mmumunyo wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, na upande wa pili potasiamu ferosianidi. Vimiminika hivyo viwili vikakutana katikati ya ukuta na kuacha utando wa kahawia ndani ya vile vitundu. Sasa utando ulikuwa na mgongo wa udongo, na presha haikuweza kuupasua hivi hivi. Akajaza mmumunyo wa sukari ndani, akafunga mdomo wa chungu kwa kipimo cha zebaki, akakizamisha chungu kwenye maji, akasubiri.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1877 ni haya. Mmumunyo wa sukari wa asilimia 1 ulisukuma zebaki hadi sentimita 53.5. Asilimia 2 ukafika 101.6. Asilimia 4, 208.2. Asilimia 6, 307.5.

Simama kidogo hapo. Sentimita 53.5 za zebaki ni sawa na safu ya maji yenye urefu wa zaidi ya mita 7. Kwa vijiko viwili vya sukari kwenye lita moja ya maji, unapata nguvu ya kupandisha maji hadi juu ya nyumba ya ghorofa mbili! Sasa gawanya kila presha kwa asilimia yake: 53.5, kisha 50.8, kisha 52.05, kisha 51.25. Karibu namba ileile. Ukiongeza ukolezi mara mbili, presha nayo inaongezeka karibu mara mbili.

Pfeffer alipima pia kwa halijoto tofauti. Mmumunyo wa asilimia 1 ulitoa presha ya 0.664 ya angahewa katika nyuzi joto 6.8, na ulipofika nyuzi 36 ulitoa 0.746. Joto likipanda, presha inapanda kidogo. Namba zote hizi zikakaa kitabuni kwa miaka, zikisomwa zaidi na watu wa mimea. Wanakemia hawakuwa na habari nazo.

Mazungumzo ya barabarani Amsterdam

Katika miaka ya 1880 Jacobus van 't Hoff alikuwa profesa wa kemia Amsterdam, akitafuta namna ya kupima nguvu inayoyashika maji ndani ya mmumunyo. Mwenzake wa chuo hichohicho, Hugo de Vries, alikuwa mtaalamu wa mimea. Van 't Hoff mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alitoka maabara na swali hilo kichwani, akakutana na de Vries akitembea na mkewe. Wakaongea, na de Vries akamweleza kuhusu vipimo vya Pfeffer.

Ukiwa umesoma gesi, huenda umeshaona kilichomgusa. Presha ya gesi inapanda kadiri unavyoibana kwenye nafasi ndogo, yaani ukolezi ukiongezeka. Inapanda pia na halijoto. Kwa gesi fomula ilikuwa inajulikana: PV = nRT. Je, inawezekana kwamba sukari iliyotawanyika ndani ya maji inatii kanuni ileile inayotiiwa na hewa ndani ya mpira?

Chukua kalamu tufanye wenyewe. Pfeffer aliweka gramu 1 ya sukari kwenye gramu 100 za maji, na mmumunyo mzima ukawa kama mililita 100.6. Moli moja ya sukari ya mezani ni gramu 342. Kwa hiyo:

Ukolezi M = (1 ÷ 342) ÷ 0.1006 = 0.0291 moli kwa lita.

Halijoto ni nyuzi 6.8, tukiongeza 273 tunapata takriban 280. Thamani ya R, ileile ya gesi, ni 0.0821.

Presha = 0.0291 × 0.0821 × 280 = 0.67 ya angahewa.

Pfeffer alipima 0.664.

Ile R ilipatikana kwa kupima gesi. Hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya sukari, achilia mbali sukari iliyo ndani ya chungu chenye mrututu. Na bado jibu linatua palepale. Van 't Hoff aliyapeleka mahesabu haya mbali zaidi, akitumia kanuni za joto na kazi kuonyesha kwamba hii si bahati, kwamba ni lazima iwe hivyo mmumunyo ukiwa mwepesi. Aliyatoa kati ya 1885 na 1887. Mwaka 1901, Tuzo ya Nobeli ya kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, alipewa yeye, na presha ya osmosisi ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa.

Angalizo dogo: usije ukadhani sukari ndiyo inayogonga ukuta wa chungu kama gesi inavyogonga tairi. Kinachohama ni maji. Vilivyoyeyuka vinapunguza mwelekeo wa maji kuondoka upande ule, kwa hiyo maji mengi yanaingia kuliko yanayotoka, mpaka presha iwe kubwa ya kutosha kusawazisha. Hesabu inafanana na ya gesi, lakini vinavyotokea ndani ni vitu viwili tofauti.

Chumvi inakataa kutii

Sasa tunafika penye tatizo. Fomula ya van 't Hoff ilikuwa nzuri kwa sukari, na kwa vitu vingine vingi vya kundi hilo. Ilipofika kwenye chumvi, ikagoma.

De Vries alikuwa ameliona hili kwa njia yake. Alichukua ngozi nyembamba ya jani la Tradescantia, akaiweka kwenye mimumunyo ya ukolezi tofauti, akatazama kwa hadubini. Mmumunyo ukiwa mkali kuliko utomvu wa seli, maji hutoka na kilicho ndani ya seli hujikunyata na kuachana na ukuta. Kwa kutafuta ule ukolezi ambapo kujikunyata ndiyo kwanza kunaanza, aliweza kulinganisha nguvu ya dutu mbalimbali bila chungu wala zebaki. Mwaka 1884 alichapisha orodha. Akiipa shura thamani ya 3, sukari ilipata kama 2, chumvi ya mezani nayo 3, na chumvi zenye sehemu nyingi zaidi 4 na kuendelea. Kwa idadi ileile ya moli, chumvi ilivuta maji kwa nguvu zaidi kuliko sukari.

Njia hiyo, kwa njia, haikuwa mchezo. Mwaka 1888 de Vries aliitumia kuamua ugomvi kuhusu sukari iitwayo rafinosi, ambayo wanakemia walikuwa wanabishania uzito wa molekuli yake: 396, 594 au 1188? Seli za jani zikajibu: karibu na 594. Ndiyo sahihi.

Tukirudi kwenye chumvi: Mfaransa François-Marie Raoult naye, akipima nyuzi ambazo mimumunyo huganda, alikuwa anapata kwamba chumvi inashusha nyuzi hizo karibu mara mbili ya ilivyotarajiwa. Van 't Hoff akafanya kile ambacho mtu mkweli hufanya akikwama. Akaweka kizidisho mbele ya fomula, akakiita *i*, akaandika thamani yake kwa kila chumvi kulingana na vipimo. Kwa nini chumvi ya mezani inakaribia 2? Hakujua. Aliweka tu.

Jibu lilitoka kwa kijana Msweden. Svante Arrhenius aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari Uppsala mwaka 1884, ikihusu namna mimumunyo ya chumvi inavyopitisha umeme. Wakaguzi hawakuipenda. Ilipita kwa alama ya chini, na kwa desturi za wakati ule hiyo ilitosha kumfungia mlango wa kufundisha. (Ninyi mlio kwenye tasnifu sasa hivi, msikate tamaa.) Arrhenius akatuma nakala kwa wanasayansi wa nje, na baadhi yao, hasa Wilhelm Ostwald, wakaona kitu ambacho Uppsala haikukiona.

Mwaka 1887, baada ya kusoma kazi ya van 't Hoff, Arrhenius akaunganisha mambo. Ukitia chumvi kwenye maji, alisema, haibaki kipande kimoja kimoja. Inagawanyika kuwa ayoni mbili, ya sodiamu yenye chaji chanya na ya kloridi yenye chaji hasi. Ukiweka moli moja ya chumvi, unapata karibu moli mbili za chembe. Osmosisi haijali chembe ni za nini, inahesabu ngapi tu. Ndiyo maana *i* ni karibu 2. Ndiyo maana kloridi ya kalsiamu, inayotoa ayoni tatu, ina *i* inayokaribia 3. Na ndiyo maana sukari, isiyogawanyika, ina 1, na haipitishi umeme.

Wengi walicheka. Sodiamu ukiitupa kwenye maji inawaka. Klorini ni gesi ya sumu. Iweje viwe vimeachana ndani ya mchuzi na sisi tunakunywa? Arrhenius alikuwa na jibu: ayoni yenye chaji si kitu kimoja na elementi yenyewe. Mwaka 1903 naye akapewa Nobeli ya kemia.

Turudi wodini

Katika miaka hiyohiyo ya 1880, Mholanzi mwingine, Hartog Jakob Hamburger, alichukua wazo la de Vries akalipeleka kwenye damu. Badala ya seli za jani akatumia chembe nyekundu. Kwenye maji matupu au chumvi hafifu mno, chembe hujaa maji, hupasuka na kuachia rangi yake. Kwenye chumvi kali, hunywea. Kwa damu ya binadamu alifikia kwamba chumvi inayolingana nayo ni karibu 0.9%.

Sasa tunaweza kujibu swali letu. Mwili una nyuzi 37, yaani 310 tukihesabu kuanzia sifuri halisi.

Glukosi 5%: gramu 50 ÷ 180 = 0.278 moli kwa lita. Haigawanyiki, *i* = 1. Presha = 0.278 × 0.0821 × 310 = 7.1 ya angahewa.

Chumvi 0.9%: gramu 9 ÷ 58.5 = 0.154 moli kwa lita. Inagawanyika. Ukiweka *i* = 2 unapata 7.8, ukiweka thamani iliyopimwa, ambayo ni kama 1.86, unapata 7.3.

Zinakaribiana sana. Sababu ni mbili tu: molekuli ya glukosi ni nzito mara tatu kuliko chumvi, na chumvi inazaa chembe mbili mahali ambapo glukosi inatoa moja. Zidisha 3 kwa 2 unapata kama 6, na hapo ndipo ilipotoka tofauti kati ya gramu 50 na gramu 9.

Tazama pia ukubwa wa presha yenyewe. Angahewa 7 ni zaidi ya mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Chembe zako za damu hazipasuki kwa sababu moja tu, ndani na nje nguvu zinalingana. Mtu akisahau *i* akatengeneza dripu ya chumvi kwa hesabu ya sukari, atatia kama gramu 16 kwa lita badala ya 9, na chembe zitanyonywa maji.

Kabla ya fomula hii, watu walibahatisha. Mwaka 1832, wakati wa kipindupindu, daktari Thomas Latta wa Leith, Uskoti, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mishipa. Baadhi walifumbua macho na kuzungumza mbele yake, kisha wakarudi kuzidiwa na kufa. Wazo lilikuwa sahihi, ila hakuwa na namna ya kujua chumvi kiasi gani inalingana na damu.

Paketi iliyoko dukani

Nimalizie na hesabu ambayo unaweza kuifanya nyumbani, na inayoweza kuokoa mtoto. Tangu majaribio ya Dhaka mwaka 1968, na kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvi na glukosi ya kunywa, ile ORS tunayoijua. Kwa lita moja, kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2002 ni: chumvi ya mezani gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9.

Hesabu chembe, kwa milimoli. Chumvi: 44.5 mara 2, ni 89. Kloridi ya potasiamu: 20 mara 2, ni 40. Sitreti, yenye sodiamu tatu na sitreti moja: kama 10 mara 4, ni 40. Glukosi: 75 mara 1, ni 75. Jumla ni kama 245. Damu ina kama 290. Kwa kuwa ORS ni hafifu kidogo kuliko damu, maji yanaelekea mwilini. Kiwango cha zamani kilikuwa 311, juu ya damu. Majaribio kwa watoto yakaonyesha kwamba kile hafifu kinapunguza kuharisha na kutapika, na wachache zaidi wanahitaji dripu. Ndiyo maana kilibadilishwa.

Sasa fikiria mama aliyeamka usiku wa manane na mtoto anaharisha. Paketi ni ya lita moja, yeye ana chupa ya nusu lita, anaimimina yote. Ukolezi unakuwa 490. Maji sasa yanatoka mwilini kwenda kwenye utumbo, na dawa inamzidishia mtoto kiu na ukavu. Na si kwamba amefanya uzembe, hakuna aliyemweleza kwa nini kiasi cha maji ni sehemu ya dawa.

Kwa hiyo ukinunua ORS, soma paketi: nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita au pungufu. Pima maji kwa chombo unachokijua ujazo wake. Usigawe paketi kwa macho, usiongeze sukari ili "iwe na nguvu". Na ukimwona jirani anakoroga, mweleze. Huna haja ya kumtajia van 't Hoff. Mwambie tu kwamba maji yakipungua, dawa inageuka kuwa ile chumvi ya kwenye kachumbari.